Joto Lililonishika Kanisani

Nilikuwa nimeazimia kutorudi kwa sindano ya pili. Ya kwanza nilidungwa tumboni, hospitalini mjini Embu, na daktari, kijana ambaye ningeweza kuwa nilimfundisha darasa la tatu, akanieleza kwamba dawa ingekaa mwilini miezi mitatu ikizinyamazisha homoni za kiume, kwa sababu ndizo zinazolisha saratani ya tezi dume. Nikiikosa, alisema, ugonjwa utaingia mifupani. Nilimwitikia kama mtu anayesikiliza. Kichwani nilikuwa na neno moja tu, kuhasiwa, na nilikwenda nalo njia nzima hadi nyumbani Karurumo.

Mke wangu nilimwambia ni sindano ya mgongo. Kwetu mwanamume hazungumzi na mkewe habari za chini ya mshipi, hata kama wamelea watoto sita pamoja. Tena sindano ya miezi mitatu inayojulikana kijijini ni ile ya akina mama wanaopanga uzazi. Ningeanzia wapi?

Wiki ya tano joto likaanza. Lilitoka kifuani, likapanda shingoni hadi masikioni, jasho likamwagika mpaka shati likagandana na mgongo, kisha baridi. Nikajiambia ni malaria niliyoitoa Siakago nilipokwenda kuangalia shamba langu la ndengu. Nikanunua dawa za malaria, nikazimaliza, joto likabaki. Halafu yakaja machozi. Siku moja ng'ombe aliipiga teke ndoo ya maziwa, nami, niliyezika wazazi wote wawili bila kutoa chozi, nikasimama zizini nikilia. Hapo niliogopa kuliko siku niliyotajiwa saratani. Saratani sikuwa naiona, lakini huyu mzee anayelia nilikuwa naye ndani ya shati langu.

Jumapili moja, siku tisa kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye kadi ya hospitali, niliketi mbele pamoja na wazee wa kanisa, koti nimelifunga vifungo vyote. Mhubiri alikuwa akisema juu ya watu wanaoficha dhambi. Joto likanishika papo hapo. Jasho likadondokea Biblia, machozi yakafuata, na mama mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo wa toba bila kuambiwa na mtu. Waumini wakanizunguka na kuniwekea mikono.

"Mzee ameguswa na Roho," mhubiri akasema. "Kuja hapa mbele, Mwalimu, utoe ushuhuda."

Kanisani kwetu mtu akishaguswa haketi mpaka aungame, na watu hungoja, hata kama chakula kinapoa nyumbani. Nilisimama na kipaza sauti mkononi. Sikuwa na dhambi mpya, na ile kweli moja niliyokuwa nayo ningeimeza kuliko kuitamka mbele ya kwaya. Basi hofu ikanipa uongo. Nikasema kwamba zamani nilisogeza mpaka wa shamba la jirani. Sikuwa nimesogeza hata unyasi. Kanisa zima likapiga makofi, isipokuwa jirani mwenyewe, aliyekuwa safu ya nne. Kesho yake asubuhi alikuja na kamba ya kupimia, na hadi leo haamini kwamba sikuusogeza mpaka.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani mke wangu alisimama penye shamba letu la kahawa.

"Mwalimu, hiyo si Roho," akasema. "Hiyo joto mimi naijua. Nilikuwa nayo miaka minne. Umedungwa nini?"

Nilimweleza yote nikiwa nimeinamia viatu vyangu: saratani, kadi, miezi mitatu, na kwamba sirudi huko. Nikamwambia naogopa. Sikumbuki kama niliwahi kulitamka neno hilo mbele yake.

"Ukikosa hiyo sindano utakufa?"

"Daktari anasema itaingia mifupa."

"Basi tutaenda. Mimi siku zangu za mwezi zilisimama kitambo, na bado unaniita mke. Sasa wewe unafikiri utaitwa nani?"

Ungedhani hofu ilinitoka. Haikutoka. Siku zile tisa nililala vibaya na kula vibaya, na mara mbili niliificha ile kadi chini ya godoro, naye mara mbili akaitoa, akairudisha mezani bila kunigombeza.

Jumanne tukafika Embu mapema. Benchi lilikuwa limejaa wanaume wa umri wangu wenye makoti mazito, na hakuna aliyethubutu kumtazama mwenzake. Mmoja wao aliloa jasho ghafla, akatoa leso na kujifuta huku akijifanya anakohoa. Mke wangu akaniwekea mkoba wake mapajani niwe na kitu cha kushika. Nikawa nafikiria miaka yake minne. Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja muda huo wote.

"Hiyo joto yako," nikamwuliza kwa sauti ya chini, "wakati ule ulikuwa unaambia nani?"

Aliurekebisha mkoba mapajani mwangu.

"Nilikuambia wewe. Ukasema niende nje nipigwe na upepo, unasoma gazeti."

Nesi akaita nambari yangu. Aliita mara ya pili. Sikuweza kuinuka mpaka mke wangu aliponishika mkono.