Kaseti Isiyokuwa na Kosa

Kaka yangu hampi mtu kaseti ya gemu kabla hajaicheza mwenyewe. Ni sheria yake, na wateja wake wote wa mtaa wa Picha ya Ndege, hapa Kibaha, wanaijua. Akishachoma gemu kwenye chipu kwa laptop, akaikalisha chipu juu ya bodi na kuishikiza kwa risasi ya kuchomelea, mguu mmoja baada ya mwingine, akafunga ganda la plastiki, huichomeka kwenye mashine ya zamani iliyo chini ya TV ya kichogo. Kisha huketi kwenye kreti ya soda na kucheza kila gemu iliyomo mpaka afe. Akishakufa kwenye zote ndipo husema, "Imekubali," na mteja anaruhusiwa kuishika.

Wateja wenyewe si watoto. Ni watu wazima wanaorudi jioni kutoka Dar na mikoba yao ya ofisini, watu waliokulia mbele ya mashine hizo na wanaotaka kuonja tena kitu ambacho hawajui kukitaja. Kaseti zao za utotoni zimeshakufa. Zile za sokoni zinajitangaza kwenye lebo kwamba zina mamia ya gemu, ukifungua unakuta gemu ileile imepewa majina mengi. Kaka yangu hafanyi hivyo. Anachukua kaseti iliyokufa, anaitoa matumbo, anabakiza ganda na bodi, kisha anaweka chipu moja yenye gemu alizochagua mwenye nayo, na menyu ya kuzipanga. Napenda kumtazama akifanya kazi hiyo. Moshi wa risasi una harufu inayokaribia ubani, na uso wake huwa mpole kuliko wakati mwingine wowote.

Mimi naishi Misugusugu, kwenye chumba kimoja ninachoandikia na kulala. Jumamosi huenda kwake kushika pedi ya pili ya kuchezea.

Mwaka huu, mvua za masika zilipokatika, alianza kutengeneza kaseti ya baba. Baba yetu yuko Kisarawe, kwenye nyumba tuliyokulia, na haoni. Presha ya macho ilimwondoa kwenye kazi yake ya ukarani nikiwa sekondari. Lakini alikuwa msikilizaji wa gemu tangu zamani. Akirudi kazini alivua viatu, akafunua gazeti, na sisi tukicheza mbele yake hakuinua uso, ila ghafla angesema, "Umekufa tena wewe," na kweli umekufa. Alipopofuka, sauti zile zilibaki kuwa kitu kimoja ambacho hakikumbadilikia. Kisha kaseti zetu zikaanza kuharibika moja moja, nyumba ikanyamaza. Kaka alitaka kukusanya gemu zote za nyumba ile kwenye ganda moja, ili binti yake, ambaye yuko darasa la pili, akienda kwa babu acheze na babu asikie.

Alizichoma zote. Tukaanza kuzionja, na zote zilikubali, isipokuwa ya ndege.

Ni gemu nyepesi. Una ndege yako chini ya skrini, na ndege nyingine zinashuka kutoka juu zikikumiminia risasi. Utotoni kaka alikuwa hafi kwenye gemu hiyo mpaka mama aje kuzima umeme. Jumamosi ile alikufa kabla sijapata nafasi nzuri kwenye kreti.

"Chipu ina mushkeli," akasema.

"Imefanyaje?"

"Huoni? Ndege zinatokea katikati. Hewani tu, pap! Zilitakiwa zitoke juu, ziteremke."

Nilitazama. Ndege zilikuwa zinatoka juu. Zilichungulia ukingoni mwa skrini, nyeupe, zikajipanga, zikateremka bila haraka yoyote.

"Mbona zinatoka juu, kaka."

"Dogo, nani fundi hapa?"

Akafungua skrubu, akaitoa chipu, akaifuta na kuichoma upya. Jumamosi iliyofuata nilimkuta amebadilisha chipu yenyewe, na gemu ilimuua vilevile. Wiki nyingine akaishuku TV. Akaazima ya kinyozi wa jirani, tukaibeba watu wawili kuvuka uwanja, kinyozi akitusindikiza kwa maneno: "Fundi gani anaazima TV kwa kinyozi? Siku nikiishiwa mashine nitakuja kunyolea na kichomeo chako." Kaka alicheka. Akachomeka, akacheza, akafa. Hakucheka tena.

Nilipogeuka kumtazama, niliona paji la uso wake. Palikuwa na uvimbe mpya juu ya kovu ambalo nalo halikuwa la zamani. Nikauliza.

"Hilo bati la barazani," akasema. "Aliyelipachika chini hivyo ni mjinga."

"Ulilipachika wewe."

"Basi mimi ndiye mjinga. Cheza."

Nilichukua pedi yake, nikamwomba afanye jambo moja: mimi nicheze, yeye atazame, na kila ndege itakapoingia kwenye skrini aseme, "Ipo." Alikubali kwa kunidharau, kama mtu anayemkubalia mtoto. Ndege ikachungulia juu. Kaka kimya. Ikashuka, ikafika usawa wa katikati. "Ipo," akasema. Ya pili ikachungulia, ikateremka polepole, nikawa namwombea moyoni aseme, sema kaka, sema, na alipokuja kusema ilikuwa karibu inigonge.

Nyuma yetu binti yake alikuwa ameshavaa helmeti yake ndogo ya pinki, akigonga tangi la pikipiki kwa funguo. "Baba, twende, tutachelewa madrasa!" Kila asubuhi kaka humpeleka shule kwa pikipiki ile, wakipita barabara kuu ya Morogoro katikati ya malori na mabasi ya mikoani.

"Kaka," nikasema, "si chipu. Ni macho yako. Kama ya baba."

Akainua bodi iliyokuwa mezani, akaisogeza karibu na uso wangu. "Unaona miguu ya hii chipu? Imebanana kama meno ya kitana. Leo asubuhi nimeichomelea yote na hakuna uliogusana na mwenzake. Mwenye macho mabovu anafanya hivi?"

Ilikuwa kweli. Katikati ya uoni wake palikuwa pazima kabisa.

"Hivi ndivyo mnavyoandika vitabu," akaendelea. "Mnamwona mtu mzima, mnamtafutia ugonjwa ili hadithi inoge. Mimi usiniandike." Akampakia binti yake, wakaondoka. Nilibaki barazani nikiusikiliza muungurumo mpaka ulipomezwa na barabara.

Ningeweza kumwambia wifi yangu, lakini alikuwa Singida akimuuguza mama yake, na niliogopa kumpa mzigo wa pili asioweza kuubeba akiwa mbali. Kwa hiyo nilinyamaza, na kunyamaza kwenyewe kukaninyima usingizi. Nikikaa kuandika, kila sentensi ilinirudisha kwenye helmeti ya pinki.

Jumapili ya kwenda Kisarawe ilipofika nilimsihi tupande gari. Alikataa. Alisema kaseti imeshakaa sana, ataipeleka hivyohivyo, huenda mashine ya Kisarawe ndiyo itaipenda. Basi nikasema nami napanda. Tukaenda mshikaki, kaka mbele, mtoto katikati, mimi nyuma. Sikuwa na kazi yoyote pale zaidi ya kuangalia. Nilinyoosha shingo juu ya bega lake nikawa natazama kila kilichoning'inia: matawi ya mikorosho, nyaya, mabango ya viwanja vinavyouzwa.

Tulipoiacha lami ya Morogoro pale Kiluvya na kushika njia ya Kisarawe, mbele yetu kulikuwa na lori dogo lililobeba mirunda ya kujengea. Ile mirefu ilichomoza nyuma, ikiinuka juu, vichwa vyake vikicheza usawa wa nyuso zetu. Lori likapunguza mwendo kwenye tuta. Kaka hakupunguza. Niliona vile vichwa vya miti vikija, vyeupe mahali vilipokatwa shoka, na nikajua kwamba yeye haoni chochote zaidi ya matairi.

"Simama!"

Alikanyaga breki, pikipiki ikaserereka kwenye mchanga wa pembeni, tukalala wote watatu taratibu, kama watu waliochoka. Hakuna aliyeumia. Mtoto aliinuka, akajikung'uta sketi, akaangalia kama helmeti imechubuka. Lori likaenda zake bila kujua. Kaka alikuwa bado amekaa chini, akilitazama.

"Ile miti," akasema, "imetokea wapi?"

Aliuliza kwa sauti ileile aliyoulizia ndege.

Tuliikokota pikipiki kwa miguu mpaka tulipopata nguvu ya kupanda tena, na kutoka hapo aliendesha polepole mno, baiskeli zikitupita.

Kwa baba, mtoto alimaliza habari yote kabla hatujavua viatu. "Shikamoo babu! Tumeanguka!"

"Marahaba mke wangu. Nani kakuangusha nimshitaki?"

"Baba. Kulikuwa na miti kwenye gari, shangazi akapiga kelele, baba hakuiona."

Baba aligeuza uso upande wa kaka. Alitafuta kiti chake kwa mkono, akakaa. "Haya, wekeni hiyo kaseti."

Kaka aliichomeka. Mlio wa mwanzo ulipojaa sebule ile, nilimwona baba akitabasamu mpaka kwenye masikio. Mtoto alicheza kwanza, akafa haraka, akamkabidhi baba yake pedi. Kaka akachagua ya ndege. Sijui kwa nini aliichagua hiyo. Labda alitaka kuona kama mashine ya Kisarawe itaipenda.

Kila ndege ya gemu ile ikiingia hutoa mlio mdogo, kama mtu anayepuliza mfuniko wa kalamu. Mimi sikuwahi kuusikia kwa makini. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anausikiliza, na anasikiliza pia kidole cha kaka kikibonyeza.

"Imeingia," akasema. Kimya. Kisha kidole kikabonyeza. "Imeingia nyingine." Kimya. "Mbona unazisubiri?"

"Chipu hii ina tatizo, baba. Zinatokea katikati."

"Umeibadilisha?"

"Nimeibadilisha. Na TV nimebadilisha."

"Mimi nilibadilisha balbu," baba akasema.

Kaka aliacha kucheza. Ndege yake ikapigwa, muziki wa kufa ukalia.

"Nilinunua balbu kubwa, nikanunua kubwa zaidi. Nikahamisha meza ofisini nikaiweka dirishani. Kulikuwa na dada mmoja mpiga chapa, nikawa namgombeza kila siku kwamba wino wake hafifu, haujafika juu ya karatasi. Nilimgombeza mpaka akalia. Wino ulikuwa mzima. Nilipokwenda kwa daktari aliniuliza, mzee, ulikuwa wapi? Nikamwambia, nilikuwa natengeneza taa."

Mtoto alimwangalia babu, akamwangalia baba yake, akaona mambo ya wakubwa, akaenda zake uani. Kaka alizungusha waya wa pedi kwenye mkono wake, akauzungusha tena, kisha akatoka nje. Kwa dirisha nilimwona amesimama kando ya pikipiki, ameweka kiganja juu ya kiti chake. Jioni tulirudi Kibaha kwa basi. Pikipiki ilibaki Kisarawe, na Jumatatu binti yake alikwenda shule kwa mguu na watoto wa jirani, akilalamika njia nzima.

Nilimsindikiza hospitali ya macho. Walimwingiza kwenye chumba chenye mashine iliyo kama bakuli kubwa jeupe. Unakalisha kidevu, unazibwa jicho moja, unakodolea nukta ya katikati, na kila unapoona taa ndogo imewaka ndani ya bakuli unabonyeza kitufe ulichoshika. Nilikaa kwenye benchi nyuma yake. Alishika kile kitufe kama alivyozoea kushika pedi, kwa ncha ya kidole gumba, mgongo umenyooka. Alipomaliza jicho la pili alinigeukia akiwa amechangamka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Rahisi sana," akasema. "Nimezipiga zote."

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliweka mezani karatasi yenye maduara mawili, moja kwa kila jicho. Upande wa juu wa kila duara kulikuwa na weusi, umeinama kama kofia iliyovutwa usoni. Akaeleza kwamba kilichokwenda hakirudi, kwamba kuna dawa ya matone ya kutumia maisha yote ili kulinda kilichobaki, na kwamba pikipiki iwe basi.

Kaka aliangalia karatasi. "Daktari, samahani. Hii mashine huwa mnaijaribu?"

"Kila asubuhi."

"Naomba nirudie."

Nilitaka kumwambia aache, lakini daktari alishampisha. Akarudia, safari hii polepole, akiegemea mbele, shingo imekaza. Karatasi ya pili ilipotoka aliichukua mwenyewe, akaipachika juu ya ile ya kwanza, akaziinua zote mbili kwenye mwanga wa dirisha. Ndivyo anavyofanya na bodi mbili anapotafuta ipi ina kosa. Weusi ulikaa juu ya weusi. Alizitazama kwa muda mrefu, kisha akazishusha, akazikunja vizuri.

"Huu ugonjwa," akauliza, "unakwenda kwa ndugu?"

"Wa tumbo moja, ndiyo. Mara nyingi."

"Basi mpimeni na huyu." Akasimama, akanivutia kiti, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya barazani akaniita kwa utani wake wa zamani. "Mwandishi, kaa."

Nikakaa. Kidevu changu kikagusa plastiki ya baridi, jicho langu la kushoto likazibwa. Taa ikawaka pembeni, nikabonyeza. Nyingine ikawaka chini, nikabonyeza. Kisha hakukuwa na kitu. Nyuma yangu nilimsikia kaka akipumua. Niliukodolea weupe ule, kidole kikiwa tayari, nisijue kama mashine ilikuwa imetulia, au ilikuwa imeshaniwashia taa na mimi sikuiona.