Matanga ya Mama wa Kiingereza

Juzi niliteremka na nguo zangu kwenye chumba cha kufulia, kule chini ya jengo letu hapa Rexdale, ughaibuni, nikakuta mtu ameacha boksi la vitabu juu ya mashine mbovu. Unajua watu wanavyohama. Nikapekua bila nia, na chini ya kitabu cha mapishi nikaonana uso kwa uso na marehemu wetu. Picha ileile nyuma ya jalada: mama wa Kizungu mwembamba, shingo ndefu, anatazama pembeni kama aliyesahau sufuria jikoni. Nikacheka peke yangu. Kisha harufu ya vitunguu ikanijia, mahali ambapo hapanuki kitu ila sabuni.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Mwaka wangu wa kwanza wa sekondari tulikuwa tunaishi ghorofa ya juu ya jengo hilihili, mimi, mama aliyefanya zamu kiwandani, na bibi yangu, ambaye sisi Wakongo tunamwita Koko. Mwalimu wa Kiingereza alikuwa amempenda mwandishi huyo wa zamani kupita kiasi, akampa kila mmoja wetu kitabu chake, na kazi ya kuandika juu ya maisha yake. Koko hakujua Kiingereza, wala hakupenda kuona mtoto amenyamaza na kitu asichokijua yeye. Basi kila nikitoka shule nilikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, yeye anakata vitunguu vya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, mimi namtafsiria kwa Kiswahili changu cha kuokoteza.

Hadithi yenyewe, rafiki yangu, ilikuwa hivi: mama mmoja anatoka nyumbani asubuhi kwenda kuchukua viatu vyake kwa fundi. Basi. Kitabu kizima. Kila hatua anakumbuka kitu: koti la baba yake lilivyonuka mvua, mchumba aliyemkataa, kijiko kilivyolia kwenye kikombe. Sentensi moja iliweza kuteremka ukurasa mzima bila kupumzika, kama mtu anayeshuka ngazi na mzigo kichwani. Mwalimu alisema hiyo ndiyo sanaa yake: visa vikubwavikubwa aliwaachia wengine, yeye akafuata mawazo ya mtu yanavyorukaruka. Koko alivumilia siku chache, kisha kila nikifungua kitabu akawa anauliza kwanza, "Bado hajafika kwa fundi?"

Bado, Koko.

"Bon, haya. Akifika uniambie."

Kilichomgusa ni maisha ya mwandishi. Nilimsimulia kama mtu anavyosimulia habari za jirani: kwamba kichwa kilimuuma hata akaandika amelala kwenye kochi, mapazia yamefungwa, kwamba aliweza kumaliza asubuhi nzima akihamisha neno moja, na jioni akalirudisha palepale, kwamba hakuwa na mtoto. Koko akachukua kitabu, akaitazama ile picha. Huyu mama hapati chakula, alisema. Ijumaa, kina mama wa kanisa walipokuja kusali sebuleni kwetu, mwandishi naye akaingizwa kwenye maombi, katikati ya mtu anayengoja karatasi za uhamiaji na mwingine mwenye goti baya. Baba, mguse mama wa Kiingereza. Mimi nilikuwa nagawa chai. Nilidhani ni wema tu.

Ijumaa iliyofuata nikakuta bakuli kubwa la sombe limefungwa kwa taulo. Kwetu mgonjwa haombewi kwa mbali tu, anatembelewa, analishwa. Kina mama walikuwa wamevaa makoti tayari, wananiuliza basi la kwenda kwa mama wa Kiingereza ni lile la barabara ya Kipling au ya Islington.

Nilimwogopea Koko. Mwaka uliotangulia dada yake alikuwa amefariki Bukavu. Habari ilikuja kwa simu, karatasi zetu hazikuwa tayari, hakuweza kusafiri. Aliiweka simu chini akaendelea kukata vitunguu, maana mtoto lazima ale. Hatukumwona akilia. Sasa amempata mtu wa kumwombea apone, na wa kumwambia ukweli ni mimi.

"Koko," nikasema, "yule mama alikufa zamani. Hata wewe ulikuwa hujazaliwa."

Mama mmoja akasema taratibu kwamba ndiyo maana maombi yalikuwa mazito. Koko akalirudisha bakuli mezani.

"Nani alimkalia matanga?"

"Sijui, Koko. Wazungu hawakai."

"Hawakai? Na mtoto hakuwa naye." Akavua koti. "Bon. Tutakaa sisi."

Tukakaa. Picha iliegemezwa kwenye chupa ya chai. Jirani yetu Mkenya, nesi, alisikia nyimbo akitoka kazini, akaingia na pakiti ya sukari, akaninong'oneza marehemu alikuwa nani kwetu. Nikamwambia, mwandishi. Akalia kuliko wote.

Desturi inataka aliyemjua marehemu asimame aeleze maisha yake, na pale aliyemjua nilikuwa mimi peke yangu. Nikasema aliumwa sana. Nikasema alitaka kuandika yale yanayopita kichwani wakati mikono iko kazini. Kwamba kwake yeye, mtu anayekata kitunguu hakati kitunguu tu. Hapo Kiswahili kikaniishia.

Na hapo ndipo Koko alipolia. Alimwita dada yake kwa jina. Akasema alivyomsuka nywele vibaya, alivyomwibia gauni la Krismasi, na kina mama wakamsogelea, wakaanza wimbo mwingine. Sombe ililiwa yote, na mama wa Kiingereza hakulalamika kugawana matanga.

Mwalimu alinipa alama za wastani, akasema nimetoka nje ya mada. Vitabu vikakusanywa kabla hatujamaliza kusoma.

Leo jiko lile lina watu wengine. Kina mama wametawanyika kufuata miji yenye kodi nafuu, nesi naye hayupo. Koko tulimkalia matanga msimu wa baridi uliopita. Niliposimama nilisimulia mchana mmoja tu wa jikoni, ambao hakuna kilichotokea, na hakuna aliyetazama simu yake.

Nguo zikiwa zinazunguka, nikafungua ukurasa wa mwisho. Mama yule amefika. Amesimama mbele ya mlango wa fundi, na mlango umefungwa, kwa kuwa amewaza njia nzima asikumbuke kwamba ni Jumapili.

"Amefika, Koko," nikasema kwa sauti. Mtu aliyekuwa anakunja shuka kando yangu akanitazama, akasogeza kapu lake. Sikujali. Jibu la Koko nililisikia vizuri kabisa: angepitia kanisani kwanza.