Jiko la Vumbi la Mbao

Mama mkwe wangu alipanda mlimani kwetu Bungu kutoka Mnyuzi kuja kumkanda mke wangu aliyekuwa amejifungua, na kabla hata hajavua ushungi alishatoa hukumu.

"Baridi hii si ya mzazi. Maji ya moto yakikosekana hapa, baba, nashuka na mwanangu na mjukuu wangu. Arobaini itaishia Mnyuzi."

"Hayatakosekana, mama," nilijibu. Yule alikuwa mtoto wangu wa kwanza, sijashiba kumtazama, na mimi fundi cherehani nisingeweza kufunga kibanda nikawafuata.

Nimezaliwa Kang'ata, ambako ndoo ukiisahau uani jua linakupashia maji bure. Bungu ukiisahau, unakuta maji yanauma vidole. Kuni zilikuwa zimelowa mvua. Mkaa uliyeyuka chini ya lile sufuria kubwa la kukandia. Gesi ya mtungi tuliitunza kwa uji wa mzazi. Nikajaribu hita ya kuchovya kwenye ndoo. Umeme ukakatika maji yakiwa vuguvugu. Mama mkwe alichovya kidole, akanitazama.

Ndipo nikakumbuka jiko la kopo. Unachukua kopo kubwa la rangi, unalitoboa ubavuni karibu na kitako, unapitisha mti hapo, unasimamisha chupa katikati, kisha unashindilia maranda kuizunguka. Ukichomoa mti na chupa, njia ya moto imebaki. Nikaenda kwa seremala jirani nikaomba maranda, akanijazia gunia la yale mepesi yanayojikunja. Nikashindilia, nikawasha. Lo! Moto ulipanda nusura uchukue paa la banda la jiko, ukala kila kitu, ukafa. Sufuria halikutoa hata mvuke.

"Baba," mama mkwe aliuliza kutoka mlangoni, "unachemsha maji au unafukuza nyuki?"

Seremala alicheka mpaka akashika meza. "Si umeomba maranda? Nimekupa maranda! Jiko hilo linataka vumbi, linalotoka kwenye msumeno."

Nyumbani kwetu yote tuliyaita maranda, ya randa na ya msumeno. Neno moja tu lilitaka kuninyang'anya mtoto.

Kesho yake nikazoa vumbi, nikalishindilia kwa mchi mpaka mikono ikauma, nikawasha, nikateleka sufuria. Hakuna mwali. Moshi kidogo, kisha kimya. Nilikaa pale nimelikasirikia kopo, seremala na mlima mzima.

Mama mkwe akaja, akachungulia, hakuona moto. "Limezima," alisema kwa upole ulionitisha kuliko ukali wake. Akaita kuelekea ndani, "Mwanangu, funga nguo za mtoto." Kisha akafunua sufuria, akatumbukiza vidole.

"Uwii! Mama yangu!"

Aliruka nyuma akipuliza mkono. Ndani ya kopo, kuta zote za vumbi zilikuwa zimeiva nyekundu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu; siku hiyo mshindo ulikuwa mama mkwe.

Nilicheka. Adabu yote ya ukwe iliniponyoka, nikacheka hadi machozi, mke wangu akacheka kutoka kitandani, na mwisho mkwe mwenyewe akacheka, vidole viko kwenye maji baridi.

"Fungua nguo za mtoto!" akaita.

Jiko lile lilichemsha maji ya kukanda, likabaki na moto wa maji ya kufulia nepi. Vumbi tulipewa bure. Seremala alikuwa akilitupa bondeni. Kila asubuhi nilishindilia kopo langu huku nikipiga mluzi, na majirani wakawa wanakuja kulitazama. Niliringa, sifichi.

Arobaini ilitimia Bungu. Siku ya kuondoka nilimsindikiza mama mkwe kituoni. Alikuwa ametishia kushuka na mtoto wangu. Alishuka na jiko langu, kalipakata kama mjukuu. Mjukuu mwenyewe nilikuwa nimempakata mimi.