Tundu la Hamsini na Mbili

Harufu ya kitambaa cheupe chenye unyevu kinapoguswa na pasi ya makaa hunirudisha mtaani kwetu Nyalenda bila kuniomba ruhusa. Juzi niliisikia kwa fundi mmoja wa nguo, nikasimama mlangoni pake kama mtu aliyesahau alichofuata. Ni harufu ya Jumapili asubuhi, miaka ya themanini, mama yangu akinyoosha gauni jeupe la kikundi cha akina mama wa kanisa na kunikemea nisiguse meza. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa mtakatifu. Msinicheke, nilikuwa na ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulikuwa kadi. Kanisa letu dogo la mabati liliwapa watoto wa shule ya Jumapili kadi ngumu ya buluu, na kila Jumapili Mwalimu Dorina, ambaye siku za kazi alikuwa karani, aliitoboa tundu moja kwa mashine ndogo aliyoazima ofisini kwao. Matundu hamsini na mawili bila kuruka, unapewa Biblia yenye zipu. Saa mbili kamili mashine ilirudi mkobani, na aliyechelewa aliimba na wenzake lakini kadi yake haikuguswa. Mimi sikuwahi kuchelewa. Nilikwenda nikiwa na homa. Nilikwenda nikiwa na tetekuwanga, nimejifunika leso mpaka puani, na wiki mbili baadaye nusu ya darasa hawakuja. Nilifurahi, maana washindani walikuwa wamepungua.

Jirani yetu, Mama Okoth, hakuwa na kadi ya aina yoyote. Aliuza omena, dagaa wa ziwani, na Jumapili tulipokuwa tukielekea kanisani, mara nyingi yeye alikuwa ameshafika ufukweni Dunga kungoja mitumbwi ya wavuvi. Kanisani alionekana Krismasi na kwenye mazishi. Akina mama wa kikundi walipokutana kwetu walimwombea kwa jina, kwa sauti kubwa, na kati ya nyumba zetu palikuwa na ua tu wa miti. Yeye alikuwa akiwasikia, akiendelea kuanika omena wake. Maombi yakiisha alituletea moto wa kuwashia jiko kama kawaida.

Jumapili ya mwisho ya mwaka nilikuwa na matundu hamsini na moja. Mama aliniambia nitangulie, yeye angefuata baadaye kwa ibada ya wakubwa. Nilipolipita lango la Mama Okoth nilimwona ameketi kizingitini, amempakata Okoth, mtoto wake wa mwaka mmoja. Mtoto alikuwa ameharisha tangu alfajiri. Macho yake yalikuwa yamezama, na kichwa kilining'inia mkononi mwa mama yake kama cha kuku aliyechinjwa. Kando yao palikuwa na debe tupu.

"Akinyi! Akinyi, nyathina, mwanangu, kuja unishikie mtoto kidogo tu! Maji imeisha, wacha nikimbie mfereji!"

Nilisimama. Tuliangaliana. Mferejini, kwenye bomba la mtaa, Jumapili asubuhi foleni ilikuwa ndefu, na mimi nilijua saa. Nikainamisha kichwa, nikakimbia. Aliniita tena kwa jina, mara mbili, na seremala wa plot ya pili akatoa kichwa dirishani kuangalia kuna nini.

Nilifika dakika tatu kabla ya saa mbili. Tulikariri vitabu vya Biblia kwa mfuatano, na mimi niliwapita wote, Habakuki na Sefania sikuwachanganya. Mwalimu Dorina akanitobolea tundu la mwisho, akaninyanyua juu ya benchi ili wenzangu wanipigie makofi. Nikakabidhiwa Biblia yangu. Wakati wa ibada nilimtafuta Mama kwa macho nimwonyeshe. Mahali pake, benchi ya pili upande wa dirisha, palikuwa patupu. Ilikuwa Jumapili ya meza ya Bwana, na Mama hakuwahi kukosa meza ya Bwana.

Nilimkuta kwa Mama Okoth. Aliketi kwenye mkeka na gauni lake jeupe, Okoth mapajani, bakuli la maji yenye sukari na chumvi kando yake, akimnywesha kijiko kimoja, anangoja, kisha kingine. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelowa, kimetandikwa kifuani mwa mtoto. Alikuwa ameanza safari ya kanisani akasikia mtu analia. Nilipoingia, Okoth alikuwa ametoka kukojoa, mkojo wa kwanza tangu usiku, na ulikuwa umelilowesha gauni mpaka chini. Wale wanawake wawili walikuwa wakicheka huku machozi yakiwatoka.

Kisha Mama akaniona, mimi na Biblia yangu.

"Akinyi, si wewe ulipita hapa asubuhi? Hukusikia akiita?"

"Sikusikia, Mama."

Mama Okoth aliniangalia. Nilingoja aseme.

"Hakusikia, Mama Akinyi," akasema. "Sauti yangu yenyewe ilikuwa imeisha. Nyathina, kuja uone, Okoth amefungua macho."

Siku ile nilidhani nimeponea chupuchupu, basi. Lakini kila nilipokutana naye kwenye ua niliona aibu, na yeye hakubadilika hata kidogo. Aliendelea kuniita nyathina na kunichotea omena kiganjani. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu nilipopata ujasiri wa kumfuata Dunga kumwambia nilisikia. Hakuacha kuchambua omena.

"Najua. Hata seremala alisikia," alisema. "Lakini mama yako angekuchapa, na mtoto alikuwa amepona. Mimi nilikuwa nimeshamaliza hiyo maneno kabla hujarudi kanisa."

Kabla sijarudi. Yaani nilipokuwa nimesimama juu ya benchi nikipigiwa makofi, yeye alikuwa ameshanisamehe, mtoto wake akiwa bado hajafungua macho.

Sisi watu wa kanisa hupenda kuulizana tuliokoka lini. Nikiulizwa, hutaja ile ibada niliyokwenda mbele nikiwa kidato cha pili, kwa sababu ndilo jibu linalotarajiwa, na watu husema amina. Sijawahi kusimama kanisani nikasema kwamba niliokoka kwenye kizingiti cha mwanamke tuliyekuwa tukimwombea aokoke.