Nani Atamufunika?

Filamu za mapanga sizipendi, na sijawahi kuzipenda. Nimezaliwa Bunia, nimekulia Bunia. Sina haja ya kukaa kwenye kiti nionyeshwe mtu anavyokatwa. Mgonjwa wa hizo filamu ni mume wangu. Anabeba abiria kwa pikipiki, na Jumapili baada ya ibada hakuna wa kumtoa mbele ya televisheni.

Dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, alitufikia akitoka vijiji vya juu ya Kpandroma. Mgongoni alikuwa na mtoto mchanga wa kiume, amemfunga kwa kikwembe cha kijani chenye picha za ndege, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu. Binti yake wa kwanza, aliyekuwa ameanza shule, sikumwona. Nilichungulia barabarani nikidhani anakuja nyuma polepole. Walioteremka naye ndio walionivuta pembeni, wakaniambia kwamba watu wenye mapanga waliingia kijijini alfajiri, na kwamba yule msichana amebaki kule. Siku hizi kwetu neno hilo lina maana moja tu, basi sikuuliza zaidi.

Dada aliketi kwenye mkeka pembeni ya sebule, akanyamaza. Hakulia, hakuongea, hakula. Kile kikwembe alikikunja akakikalia, na nilipotaka kukifua alikishika kwa mikono miwili. Mtoto nilimwekea mapajani, akanyonya, lakini mama yake alikuwa akitazama ukuta.

Infirmie wa kituo cha afya cha jirani alimpima, kisha akanisindikiza mpaka mlangoni.

“Mama asipokula, maziwa itakauka,” akaniambia. “Na mutoto mwenyewe unamuona.”

Nilikuwa namwona. Shingo yake ilikuwa imeanza kukonda. Nilipika sombe na samaki wa moshi, nikapika maharage, nikakoroga uji wa karanga, na vyote vikapoa mbele ya dada. Nilimbembeleza kwa lugha ya mama yetu. Siku moja nilimfokea, tena mbele ya majirani, kisha nikakimbilia jikoni nikalia hadi moto ukazimika. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa. Nilishaanza kujiuliza tutamzika wapi yule mtoto.

Jumapili moja nikiwa jikoni nikasikia muziki wa fidla. Nikaingia na bakuli la uji mkononi, na nilichokiona kwenye kioo cha televisheni kilinipandisha hasira. Msichana mwenye kanzu nyeupe alikuwa anapigana kwa upanga mrefu kwenye theluji. Mikono ya watu ilikuwa inaruka. Damu ilichomoka kama maji ya bomba lililopasuka, ikashuka polepole, tone kwa tone, na ile fidla inalia. Hakuna aliyemwita mama yake. Hakuna aliyejikojolea. Hata nywele za msichana hazikuvurugika, na mume wangu alikuwa amefungua mdomo kama anaangalia harusi.

“Papa! Zima iyo kitu! Hauone yaya iko hapa?” nikamfokea mume wangu.

“Ni filme tu, mama. Iyo damu ni siro, wanatengeneza na sukari.”

Nikampokonya telekomande.

“Acha,” dada akasema.

Ilikuwa sauti yake, imekwaruza, lakini ni yake. Mimi na mume wangu tulitazamana kama wezi. Dada alijisogeza kwenye mkeka mpaka karibu na kioo, na macho yakiwa kulekule akanyoosha mkono. Nikampa bakuli. Akanywa uji.

Mwishoni yule msichana alichomwa upanga, akaanguka taratibu, maua mekundu yakamdondokea, na waliobaki wakamruka wakaenda zao. Dada alisimamisha kijiko.

“Nani atamufunika?” akauliza. “Iko na baridi.”

Majina ya waigizaji yakapita, kioo kikawa cheusi, na yeye bado anangoja.

Tangu siku hiyo mimi, niliyekuwa nazitukana hizo filamu, nikawa mtumwa wa moja. Kila mchana niliiwasha, nikaweka chakula, na dada akala mpaka yule msichana aanguke. Baada ya hapo, hata tonge moja hapana. Umeme wetu ni wa jua, kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa natoka kutazama mawingu. Mvua ikinyesha mfululizo, dada hakula, na mtoto alinyonya kisha akalia palepale. Mume wangu ndiye aliyechoka wa kwanza. Aliniomba nimwekee hata mpira, kwamba ile damu sasa inamfuata mpaka barabarani. Nikamwambia anyamaze, yeye ndiye aliyeileta.

Nilijaribu hata kudanganya. “Watu wake watakuja, yaya,” nikasema. “Filme imekatwa tu, lakini walikuja, walimufunika.” Dada aliniangalia kwa mara ya kwanza tangu afike, na niliona aibu.

Halafu mchana mmoja, maua yalipoanza kumdondokea yule msichana, dada aliinuka. Alikivuta kile kikwembe cha kijani, akakikung’uta, akakitandaza juu ya televisheni, akakilainisha kingo kwa viganja kama tunavyomfunika marehemu wetu. Fidla ikaendelea kulia chini ya kitambaa.

“Kikwembe ilikuwa moja,” akasema akiwa amenipa mgongo. “Huyu mutoto ilikuwa ku mugongo. Ningemufungua angelia, wangetusikia. Dada yake nikamuacha vile. Wazi.”

  

Mtoto akaamka kwenye mkeka, akaanza kulia kile kilio cha kutaka kubebwa. Dada akageuka. Akamtazama mtoto, akatazama kikwembe juu ya televisheni, akamtazama tena mtoto. Mkono ukanyooka kuelekea kwenye kitambaa, ukarudi. Nikaelewa kwamba anachagua upya, mbele yangu, sebuleni kwangu, na nikaogopa kuliko siku zote.

Nilifungua kikwembe changu kiunoni, nikabaki na jipo la ndani tu, mlango wazi na majirani wanaona. Nikamwekea mikononi.

“Leo iko mbili, yaya,” nikamwambia. “Iko mbili.”