Kidole Gumba cha Obadia

Obadia hakutaja bei ya tairi kabla ya kulibonyeza. Aliinama, akapuliza vumbi, akaweka ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kulia kati ya mifereji miwili, kisha akafumba macho. Akikaa hivyo kidogo alikutajia umri wa tairi kama mkunga anavyotaja miezi ya mimba. Hili lina miaka mitatu. Hili lilianikwa juani. Hili limelala stoo mpaka limesahau kazi yake. Walanguzi waliozoea kukwangua zile tarakimu nne za ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka ambao tairi lilitengenezwa, walimwogopa kuliko trafiki. Trafiki anahitaji kusoma.

Kwa miaka ishirini na tatu kibanda chake cha pancha kilisimama kando ya barabara ya Miyuji, mabati yakiwa yameshika kutu rangi ya udongo wa pale pale. Kidole hicho ndicho kilichosomesha watoto wake na kuezeka nyumba yake. Na sasa ulikuwa mwaka mmoja na mwezi tangu kidole hicho kife.

Kilianza kufa kwa adabu. Kwanza zilikuwa nyayo: alitembea na kokoto ndani ya ndala kutwa nzima, akaiona jioni alipovua. Zahanati walimpima wakamwambia ni sukari, wakampa kadi na dawa na orodha ya vyakula vya kuacha. Dawa alimeza alipokumbuka, kadi akaificha chini ya godoro. Kisha ganzi ikapanda mikononi, ncha moja baada ya nyingine, na gumba likawa la mwisho. Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na moja alibonyeza tairi, akasubiri lile jibu dogo la mpira lililozoea kumpanda mpaka kwenye kiwiko, asilipate. Ilikuwa kama kubisha hodi kwenye nyumba ya rafiki aliyehama bila kuaga.

Hakumwambia mtu. Mwalimu wa kwaya aliyekuwa kiziwi atamwambia nani? Alijifunza kudanganya. Alitumia macho, akalinusa tairi, akaligonga na kusikiliza, akamtazama muuzaji usoni. Mara nyingi ilitosha. Mara nyingi.

Ng'ambo ya barabara alikaa Paskazia na beseni lake la zabibu za Makutupora. Mumewe, Bartolomayo, alikuwa dereva wa pikapu ya kubeba makreti ya zabibu kutoka mashambani. Mwezi wa tatu tairi la mbele kushoto lilipasuka, pikapu ikaingia korongoni, na Bartolomayo hakutoka. Msibani watu walisema alizidisha mzigo. Aliyelisema neno hilo kwanza, kabla mtu yeyote hajauliza kitu, alikuwa Obadia. Matairi mawili ya mbele aliyachagua yeye, wiki sita kabla, akiwa amefumba macho.

Kila Jumamosi Paskazia alivuka barabara na kichala cha zabibu, akasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwenyi, Baba Jenifa. Za mkono wako."

"Mbukwa, mama. Unanilemaza kwa utamu."

Akishageuka, kichala kile Obadia alimpa Hamza, kijana wake wa kazi wa miaka mingi ambaye sasa alikuwa na mke na ndevu. Hamza alikula bila kuuliza. Alidhani bosi wake hapendi zabibu.

*

Alhamisi ya wiki ya kwanza ya Desemba, mvua ya kwanza ikiwa imenyesha usiku na lami ikinuka vumbi lililopikwa, Elisha alikuja na Altezza yake ya bluu. Nyuma yake ilifuata bajaji iliyojaa matairi. Elisha alikuwa mdogo wake Paskazia. Alifanya kazi kwenye kompyuta za ofisi moja mjini, akapanga chumba Ipagala, na tangu msiba ndiye aliyelisha watoto wa dada yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umehamisha duka?"

"Dada kanipa amri. Kasema nisivae hata tairi moja mzee Obadia hajalishika."

Alieleza. Jumamosi asubuhi vijana wenye magari wangekutana kwenye kipande cha barabara mpya ambacho hakijafunguliwa, mita mia nne zilizonyooka kama uzi, magari mawili mawili. Wa Arusha wangekuja. "Na gari ni hii hii ninayoendea kazini, mzee, sina ya pili. Nataka matairi ya nyuma yanayoshika lami kama gundi nikiondoka, lakini Jumatatu mvua ikininyeshea nifike ofisini nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Obadia alicheka. Lilikuwa swali zuri, la kiume, na kwa dakika chache alisahau. Aliyapanga matairi chini jozi tatu, akazunguka kama mnunuzi wa ng'ombe mnadani.

Jozi ya kwanza ilikuwa vipara vya kiwandani, bila mfereji hata mmoja.

"Haya ni ya uwanjani. Kwenye lami kavu hakuna mfano wake. Tone moja likidondoka, utaiona Ipagala kinyumenyume."

"Na ofisini atafika kabla ya gari," Hamza akadakia.

Jozi ya pili na ya tatu zilikuwa za aina ile ambayo Elisha aliihitaji: mpira laini, mifereji miwili mitatu tu ya kutolea maji, na mbavu nyepesi zinazokunjamana gari linaporuka kuondoka. Ya pili ilikuwa imepauka, bega moja limelika, lakini tarakimu zake zilisomeka. Ilitengenezwa mwaka juzi. Ya tatu ilikuwa nyeusi tii, mifereji imejaa, inang'aa kama viatu vya bwana harusi. Tarakimu zake hazikuwepo.

"Muuzaji kasema zilifutika kwenye kontena," Elisha alisema, mkono wake ukiwa tayari umelala juu ya ile jozi nyeusi. "Mzee, mimi moyo wangu uko hapa. Lakini neno ni lako."

Obadia akainama, akapuliza, akaweka ukucha, akafumba macho. Wapita njia wawili walisimama. Bajaji ilizima injini. Alichohisi ni uzito wa mkono wake mwenyewe kwenye kifundo, basi.

Angeweza kusema, "Hamza, hebu bonyeza wewe." Maneno manne. Lakini alipofumbua macho alimwona Paskazia, ambaye alikuwa amevuka barabara na kusimama nyuma ya ndugu yake, akilitazama gumba lile kama watu wanavyotazama madhabahu. Angeweza pia kuchagua jozi ya pili. Ila jozi ya pili ilikuwa ya kusomwa tu, na kusoma ni kazi ya kila mtu. Nani angemhitaji Obadia kwa kusoma?

"Haya ya tatu," alisema. "Mpira mbichi huu. Hauna hata miaka miwili."

Paskazia alipiga makofi mara moja, kidogo, kama mtu aliyeitikia amina.

*

Ijumaa mchana Obadia alikuwa akichoma kiraka kwenye tyubu. Kifaa chake kilikuwa kichwa cha pistoni kuukuu kilichobanwa kwa chuma, ndani yake mafuta ya taa yanawaka. Aliushika ubao wa kukandamizia tyubu kwa mkono mmoja, huku akimsimulia Hamza habari za zamani za lori la chumvi. Hamza aliacha kucheka ghafla.

"Mzee, kuna nyama inaungua."

Wakatazama wote wawili. Gumba la Obadia lilikuwa limelalia chuma. Ngozi yake ilikuwa imegeuka nyeupe, kisha kahawia pembeni, na uso wake haukuwa na habari.

Hamza aliuvuta mkono, akaumwagia maji ya kupimia pancha. Hakuwa mtu mjinga.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Mwezi wa kumi na moja."

Hamza akahesabu kimya, midomo ikicheza. Macho yake yakaenda ng'ambo ya barabara, kwenye beseni la zabibu, yakarudi.

"Usiseme," alinong'ona. "Mzee, nakuomba. Aliyekufa amekufa. Ukifungua mdomo kwa la Elisha, utaulizwa na lile. Na baada ya lile yatakuja yote."

Usiku ule Obadia hakulala. Alijua jinsi Elisha alivyopanga: kwa mbio atapunguza upepo wa tairi mpaka kipimo kisome kumi na nane, ili tairi lijitandaze na kushika lami. Mpira mpya huvumilia kukunjwa hivyo. Mpira mzee, uliong'arishwa kwa mafuta, hupasukia ubavuni gari likiwa mwendo wa mia na sabini. Huenda jozi ile ni mpya kweli, alijiambia. Huenda. Akagundua kwamba hilo ndilo neno alilokuwa akilala nalo tangu mwezi wa tatu.

*

Alichukua bodaboda alfajiri. Alipofika jua lilikuwa limeshapanda juu ya vichaka, na magari zaidi ya thelathini yalikuwa yamepangwa kando ya lami mpya. Paskazia alikuwepo na beseni lake. Penye watu pana biashara, tena ndugu yake anashindana. Altezza ilikuwa mstarini tayari, injini ikinguruma. Obadia akatembea mpaka mbele ya boneti, akasimama.

"Mzee, toka! Nimeshaitwa!"

"Vua matairi."

"Nini?"

"Nilikudanganya. Kidole changu hakihisi kitu." Aliinua gumba lililofungwa kitambaa. "Jana kimeungua nikiwa nakitazama. Sijui umri wa matairi hayo. Nilibahatisha."

Kijana mmoja wa Arusha akapaza sauti, "Huyo babu mwacheni, ni wetu, tumemnunulia chai!" Wakaangua kicheko. Elisha alishuka, uso umemwiva kwa aibu.

"Mzee umenifungia mwenyewe kwa mikono yako. Sasa leo, mbele za watu?"

"Leo. Kesho haitafaa."

Ni Paskazia aliyetua beseni. Alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akalisugua kwa pindo la khanga mpaka khanga ikawa nyeusi, akaweka ukucha wake kati ya mifereji miwili kama alivyomwona Obadia akifanya mara nyingi. Akabonyeza. Akabonyeza tena kwa nguvu zote, na ukucha ukavunjika. Pale alipokuwa amesugua, chini ya ule mng'ao, ubavu wa tairi ulijaa nyufa nyembamba, kama tope la bwawa mwezi wa kumi.

"Gumu," alisema. "Kama kwato."

Kicheko kilikoma. Elisha alizitazama zile nyufa, akaenda nyuma ya gari, akatoa jeki. Hakumtazama Obadia, wala hakusema asante, na Obadia hakuingojea. Gari jingine likaitwa mstarini.

Paskazia alibaki amechuchumaa. Mtu yeyote angeona kwamba anahesabu.

"Baba Jenifa," alisema bila kuinua kichwa. "Kidole kilikufa lini?"

Obadia akamwambia mwezi.

Alinyanyuka, akajitwisha beseni, akaondoka kwa miguu akifuata ukingo wa lami, na zabibu zake hakuziuza.

*

Hamza alikuwa amesema kweli. Jumatatu walikuja wawili, Jumanne walikuja sita. Hawakuja kwa fujo. Walisimama kando ya magari yao na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyeko hospitali: na yangu, mzee? Wewe ulinichagulia mwezi wa nne. Mimi nabeba wanafunzi. Hamza alibonyeza yote, tairi kwa tairi, mpaka ukucha wake ukatoka damu. Mengi yalikuwa mazuri. Manne hayakuwa. Mwisho wa juma Hamza aliaga kwa heshima, akafungua kibanda chake mbele kidogo, na wateja wakamfuata.

Nafasi ya Paskazia ng'ambo ya barabara ilikaa tupu siku nne. Siku ya tano alikuja bila beseni, akisukuma tairi kwa mikono, akiliongoza kwenye mashimo kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Lilikuwa la mbele kulia la pikapu ya Bartolomayo, pacha wa lile lililopasuka. Lilikuwa limekaa nyuma ya nyumba yake tangu msiba, kuku wakitagia ndani. Nyasi zilikuwa bado zimeshikamana nalo.

Akaliegemeza kwenye nguzo ya kibanda.

"Bonyeza."

"Mama Kristofa, sihisi."

"Bonyeza."

Obadia akainama. Hakufumba macho. Gumba lenye kidonda likalala juu ya mpira.

"Mimi nimeshabonyeza," Paskazia alisema. "Nimebonyeza usiku kucha. Sikuja kukuuliza kama ni gumu. Nimekuja kuuliza jambo moja. Siku ile ulijua?"

Bodaboda ilipita, vumbi likapanda, likashuka.

"Nilijua kwamba siwezi kujua," Obadia alisema. "Nikakuangalieni, wewe na yeye, mmesimama mnasubiri. Nikasema, ni zuri."

Paskazia alitikisa kichwa polepole, kama aliyepokea maiti na kuthibitisha kuwa ni wa kwake. Hakulia. Alitazama mkono ule aliokuwa ameuletea zabibu miezi tisa.

"Na zabibu zangu ulikula?"

"Hapana, mama. Nina sukari. Alikula Hamza."

"Hata hizo ulinidanganya," alisema.

Akaondoka, tairi akaliacha. Obadia hakuthubutu kulitupa, wala kuliuza, wala kulipeleka ndani. Liko pale pale kwenye nguzo, mbele ya mlango. Kila asubuhi, ili afungue kibanda ambacho sasa haji mtu, lazima kwanza alisogeze kwa mikono miwili, na kila jioni alirudishe.