Sanduku la Mto la Dido

Ngurumo ya maji ndiyo iliyonirudisha utotoni. Haikutoka mtoni, ilitoka kwenye simu ya mjukuu wangu Rachel, ambaye yeye na wenzake wawili wanatengeneza michezo ya video katika chumba cha nyuma cha nyumba yangu, hapa Kisangani. Walikuwa wamerekodi maporomoko ya Wagenia kwa ajili ya mchezo wao wa kwanza, ule wa wavuvi na mitego.

"Koko, sikiliza," akasema. "Na hapa mwanzo tutaweka jina yako, sababu njo wewe ulianzaka hii kazi."

Alikuwa na sababu ya kudhani hivyo. Tangu akiwa mdogo nilimsimulia kwamba utotoni nilitengeneza mchezo ndani ya sanduku, na yeye husema studio yao ilizaliwa na hadithi hiyo. Ninyi mnaonisoma, nawaambia wazi: nilimdanganya. Sanduku halikuwa langu.

Lilikuwa la Dido, yatima wa shangazi yangu, aliyelelewa kwetu kando ya maporomoko. Alinizidi mwaka mmoja hivi. Mimi nilisoma, yeye alitolewa shuleni kabla hajajua kuandika, akawa anasuka mitego pamoja na papa, baba yangu. Lakini mikono yake ilikuwa na akili. Alichukua sanduku la sabuni, akalitoboa dirisha, akaunganisha karatasi za mifuko ya saruji kwa uji wa muhogo, akazizungushia vijiti viwili. Ukizungusha kijiti, mto mzima uliochorwa kwa mkaa ulipita dirishani: mawe, povu, samaki, na miti ya mitego, kila familia mahali pake halisi, maana kwetu mahali pa mtego hurithiwa. Mchezaji alishika waya wenye mvuvi mdogo wa bua la mahindi. Akigusa jiwe, amekufa. Watoto walisukumana kulizunguka, na ule uji uliochacha ukinuka puani mwetu.

Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya wachezaji kwenye vikaratasi na kuvibandika mgongoni mwa mvuvi. Majina ya watoto tu. Kwa hilo Dido, aliyeniita leki, mdogo wake, alikuwa mkali: "Jina ya mutu mukubwa asiingie mu maji, leki. Ile ni muzaha mubaya."

Siku moja Papa Bernard, jirani yetu, alinivuta sikio mbele ya wenzangu kwa sababu nilikanyaga kamba ya mtego wake. Nilirudi nyumbani nikichemka. Dido alikuwa ametumwa kuni. Nikaandika BERNARD, nikambandikia mvuvi, nikamgongesha kwenye mwamba wa familia yake mwenyewe, mara tatu, mara nne. Watoto wakavunjika mbavu.

"Papa Bernard anakunywa maji ya Fleuve yote!"

"Muache, iko na kiu!"

Siku ya tatu mti wa mtego wake ukavunjika chini ya miguu yake, na maji yakamchukua Papa Bernard. Hakupatikana.

Matanga hayajaisha, mtu akaukumbuka mchezo. Sanduku likaletwa katikati ya ua, jina lingali mgongoni mwa mvuvi. Mjane alikuwa ameketi chini. Alikuwa ameacha kulia, akawa analitazama tu.

"Hii sanduku ni ya nani?" mdogo wa marehemu akauliza.

"Ni yangu, tonton," Dido akajibu.

"Donc ni wewe uliandika?"

"Hapana, tonton. Mi sijue kuandika."

"Bandoki njo walikufundisha!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Muchawi mudogo!"

Papa akakibandua kile kikaratasi, akakitazama kwa muda mrefu. Kisha akanigeukia. "Na wewe, unajua kitu?"

"Hapana, papa."

Sanduku likachomwa. Dido akafungiwa kwenye chumba cha maombi siku kadhaa bila chakula, halafu akapandishwa boti ya kwenda Opala, kwa ndugu wa mbali. Kabla ya mvua kwisha tukapata habari kwamba homa imemuua. Hakuna aliyemwekea matanga.

Miaka mingi nilijiambia kwamba kosa lilikuwa la watu wazima. Kisha papa, akiwa kitandani mwake mwa mwisho, akaniambia, "Ule mwandiko nilikufundisha mimi." Alijua, na akamchagua mtoto wake. Simlaumu. Mimi nilikuwa nimeshachagua kabla yake.

Nimemweleza Rachel ukweli. Alizima simu yake, na leo ni siku ya nne hajaniita koko.

Dido naye alijua. Nani mwingine pale angeandika? Uani siku ile alinitazama, wala hakunitaja. Kwa akili yangu ya utoto nilidhani ananificha, nikamshukuru moyoni. Imenibidi nizeeke ndipo nielewe kwamba alikuwa ananiachia nafasi niseme mwenyewe. Na kwamba alipokuwa ndani ya boti, akigeuka kila mara kututafuta pale ukingoni, bado alikuwa ananisubiri.